Shira ya mepo imeganda chini ya chupa: nimekosea wapi, na je, msimu umekwisha?

MjukuuWaMgema (Vermont), 27 Machi

Wanajukwaa, salaam.

Naandika kutoka Vermont, kwenye vilima vilivyo kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Jirani yangu, mzee ambaye magoti yamemkatalia kupanda mlima, amenikabidhi msitu wake mdogo wa mepo pamoja na banda la kuchemshia, jiko la kuni lenye sinia mbili na ndoo 70 za bati, kwa sharti moja tu, kwamba nimpelekee galoni mbili za shira kila msimu ukiisha. Mwaka jana nilikuwa msaidizi wake wa kubeba kuni na ndoo. Mwaka huu amehamia kwa binti yake katika jimbo jingine, kwenye simu hasikii vizuri, na mimi nimebaki peke yangu na miti.

Kwa wasioifahamu kazi hii, mepo ni mti wa nchi za baridi ambao mwishoni mwa majira ya baridi hutoa maji matamu kidogo, yenye sukari ya asilimia 2 hivi. Unatoboa shina kwa keekee, unapigilia mrija, unatundika ndoo, kisha unayachemsha maji hayo mpaka yawe shira kama ile ya kaimati, ila hii haikutiwa hata chembe ya sukari ya dukani. Lita 40 na ushei za maji hutoa lita moja ya shira, na zilizobaki zote hupaa kwa mvuke kupitia paa la banda.

Nilitoboa Jumanne ya kwanza ya Machi, siku ambayo miji ya Vermont hufanya mkutano wake wa mwaka, kwa kuwa ndivyo mzee alivyozoea. Siku zilizofuata maji yalitoka vizuri, nikachemsha mara nne, nikapata chupa 22, nikafurahi. Sasa zote 22 zimeganda chini. Nikiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha naona vijiwe vya sukari vimeng'ang'ania kitako, na nikiitikisa, ukungu mweupeupe huinuka na kuelea katikati. Ukiramba, ulimi unahisi mchanga laini. Maelekezo niliyoyapata yalisema kipimajoto kikifika nyuzi 104 za Selsiasi shira iko tayari, nami niliitoa kwenye 104 kamili kila mara.

Jambo la pili linaniumiza zaidi. Katikati ya mwezi tulipata wiki nzima ya joto, mchana nyuzi 12 na usiku haishuki chini ya 3. Nilitazamia maji yaongezeke, badala yake ndoo zilikauka kabisa. Hapo ndipo ugema wa babu uliponipotosha. Babu yangu aligema minazi Pangani, na utotoni nilimtazama akipanda asubuhi na jioni, akichonga ncha ya karara kwa kotama na kutoa utepe mwembamba kama ganda la kitunguu, ili kidonda kisizibe na tembo liendelee kutona. Nikajiambia kwamba mashimo yangu nayo yameziba. Nikachukua keekee, nikaongeza kina mashimo kama 30, kutoka sentimita 4 hadi 7. Hayakutoa kitu. Baridi iliporudi, miti yote, niliyoichokonoa na nisiyoichokonoa, ilitoa maji sawasawa, mpaka ndoo zikafurika usiku nikiwa nimelala.

Tangu juzi maji yamekuwa na rangi ya manjano kidogo na shira inatoka nyeusi kama kahawa isiyo na maziwa. Nifanye nini na chupa 22, je, nimeiumiza miti ya watu, na nitajuaje kwamba wakati wa kung'oa mirija umefika?

MzeeWaBanda (Vermont kaskazini), 27 Machi

Mwanangu, pole na kazi. Huu ni msimu wangu wa 19, na hayo ya kuganda niliyafanya mwaka wangu wa kwanza, kwa nambari hiyo hiyo ya 104.

Nambari hiyo si ya uongo, ila ni ya mtu anayechemsha akiwa kando ya bahari. Shira huwa imeiva inapochemka kwa nyuzi 4 juu ya kiwango ambacho maji matupu yanachemka mahali hapo na siku hiyo. Pwani maji huchemka kwa 100, kwa hiyo 104 ni sawa. Kwenye mita 500 maji yako yanachemka kwa nyuzi 98 na kitu, kwa hiyo shira yako ilikuwa imeiva kwenye 102 na kitu, nawe ukaendelea kuipika karibu nyuzi mbili zaidi. Mwishoni mwa uchemshaji nyuzi mbili ni nyingi sana, kwa maana maji yaliyobaki ni machache na sukari inapanda haraka. Shira nzuri ina sukari ya asilimia 66 hadi 67 kwa uzito, na kima cha chini cha sheria hapa Vermont ni 66.9. Ikiwa chini ya hapo itachacha dukani kwa mteja, na ikipita 68 inaanza kutema sukari chini ya chupa, kama ulivyoona.

Tena usidhani ukishaijua 98 yako umemaliza. Mgandamizo wa hewa hubadilika na hali ya anga, na kiwango cha kuchemka hubadilika pamoja nao. Siku ya dhoruba ya theluji na siku ya jua kali hazilingani. Kila ninapowasha jiko, kabla ya jambo lolote, natia sufuria ndogo ya maji ya kisima kwenye jiko la pembeni, nasubiri yachemke kwa nguvu, nachovya kipimajoto na kuandika nambari kwa chaki ukutani. Ukuta wangu umejaa chaki ya miaka mingi na mke wangu ameacha kuufuta.

Kipimajoto nacho kitumie kukuambia kwamba umekaribia, halafu umalizie kwa haidromita, ile neli ndefu ya kioo yenye risasi kitakoni, inayoelea na kuonyesha ukolezi wa sukari. Jaza kikombe chake kirefu kwa shira itokayo moja kwa moja kwenye sinia, ikiwa bado inafukuta, uiachie haidromita ielee yenyewe bila kuisukuma. Ina mistari miwili myekundu: wa juu ni wa shira ya moto, wa chini ni wa shira iliyopoa. Watu wengi huharibu kazi kwa kuacha kikombe kipoe huku wanasoma mstari wa moto. Ukiwa huna haidromita, tumia ukingo wa upawa kama walivyofanya wa zamani. Chota shira, inua upawa, uinamishe. Ikiwa mbichi hudondoka tone tone kama maji. Ikiiva, matone mawili matatu huungana ukingoni, hutanda kama pazia dogo, kisha hukatika kwa pamoja.

Chupa zako hazikupotea. Zifungue, mimina yote sinia moja, vile vijiwe viyeyushe kwa maji ya moto kidogo ndani ya chupa ili usivitupe, ongeza maji safi ya mepo, chemsha tena mpaka haidromita ikubali. Rangi itakolea kidogo, ladha itabaki.

Ule ukungu mweupe ni jambo jingine, haukutokana na kupita kiasi. Maji ya mepo yana madini, hasa kalsiamu, ambayo sukari inapokolea hujitenga na kuwa kama unga. Huku huitwa mchanga wa sukari. Haudhuru, lakini hakuna mteja atakayeupenda. Chuja shira ikiwa moto kabisa kwenye kichujio kinene cha sufu chenye umbo la pia, ulichokilowesha kwanza kwa maji ya moto, na ndani yake utandike kitambaa chembamba cha kubadilisha kila kinapoziba. Usikikamue hata ikikuchosha kusubiri, na usikifue kwa sabuni kamwe, la sivyo msimu mzima utauza shira yenye harufu ya kufulia. Ukishachuja, irudishe kwenye nyuzi 85 hivi, ujaze chupa, ufunge, uilaze ubavu dakika chache ili joto liue vijidudu vya kifunikoni. Ukiipandisha mpaka ikaribie kuchemka tena, mchanga mpya utazaliwa na kazi ya kuchuja itakuwa bure.

Nimeona hukutaja kina cha maji kwenye sinia. Usiruhusu kishuke chini ya sentimita 2 na nusu. Mwaka mmoja nilisinzia kwenye kiti karibu na jiko, saa nane za usiku, nikazinduliwa na harufu. Sinia la shira lilikuwa limekauka kona moja na sukari inawaka kama lami. Nilimwagia ndoo nzima ya maji ya mepo, sinia likaokoka likiwa limepinda, ila lita 9 za shira nilizifukia nyuma ya banda kama maiti.

MamaFuraha (Quebec), 28 Machi

Kaka MjukuuWaMgema, na wewe Mzee wetu, salamu kutoka Beauce. Mimi ni mtu wa Bukavu, na msimu wa sita sasa nafanya kazi kwenye msitu mkubwa ambako hakuna ndoo hata moja. Maji yanashuka kwa mirija ya plastiki na pampu inayavuta. Asubuhi natembea na viatu vya theluji kati ya miti nikisikiliza hewa inapopuliza, maana kindi hutafuna mirija na tundu dogo kama la sindano linatosha kuudhoofisha mstari mzima. Kwa hiyo habari ya sinia za kuni namwachia Mzee, mimi nitasema juu ya mti.

Kaka, babu yako hakukosea, ila mnazi na mepo havitoi maji kwa njia moja. Tembo hutoka kwenye mishipa inayolisha ua. Mnazi unaendelea kulisha, na kotama inaufungulia njia kila siku, ndiyo sababu mgema akikosa siku mbili kidonda kinakauka. Mepo hutoa maji kwa sababu ya barafu. Ndani ya shina lake kuna nyuzi za mbao zilizojaa hewa badala ya maji. Usiku unapoganda, hewa hiyo husinyaa, maji huganda kandokando yake, na mti hufyonza maji mengine kutoka mizizini kujaza nafasi. Asubuhi barafu ikiyeyuka, hewa iliyobanwa hutanuka na kuyasukuma maji yatoke kwenye tundu lolote lililopo. Ukipata usiku wa nyuzi 4 chini ya sifuri na mchana wa nyuzi 5 juu yake, andaa ndoo. Ukipata wiki nzima bila kuganda, hata utoboe mpaka upande wa pili wa mti, hakuna kinachosukuma. Wiki ile ya joto mashimo yako hayakuwa yameziba. Mti ulikuwa unasubiri usiku.

Kuhusu kuiumiza: kila shimo linaacha nyuma yake, juu na chini, utepe mrefu wa mbao zilizokufa na kubadilika rangi, na sehemu hiyo haitatoa maji tena. Kina cha sentimita 4 au 5 kinatosha. Ukifika 7 utepe huo unakuwa mrefu na mpana zaidi, na katika mti mwembamba unaweza kugusa moyo wa mti usio na maji. Mti mzee mwenye afya utavumilia, lakini mwakani usitoboe karibu na mashimo hayo 30. Sogea pembeni kwa upana wa kiganja na upande juu au ushuke chini kidogo. Unga wa keekee ukitoka mweupe kama maziwa uko mahali pazuri, ukitoka wa kahawia umeingia kwenye kidonda cha zamani. Na kabla ya yote pima unene: mti usiofika sentimita 25 kwa kipenyo uachwe ukue.

Sasa ile rangi. Usiione aibu shira nyeusi. Siku zinavyopata joto, bakteria huongezeka ndani ya ndoo na mirija, na wao huvunja sukari ya mepo kuwa sukari ndogo zaidi ambazo hukolea rangi haraka motoni. Maji ya mepo yachukulie kama maziwa: yakae penye baridi, yachemshwe ndani ya siku moja, na ndoo zisuuzwe kwa maji ya moto. Ukifanya hivyo rangi itapungua kidogo, ila mwisho wa msimu weusi hauepukiki. Marekani, tangu 2015, madaraja manne ya rangi, dhahabu, kaharabu, nyeusi na nyeusi sana, yote ni daraja A, na nyeusi ndiyo ninayoipenda kwenye uji wa ulezi. Wezi waliobeba karibu tani 3,000 kwenye ghala la akiba hapa Quebec kati ya 2011 na 2012, mali ya karibu dola milioni 18 za Kanada, sidhani kama waliuliza rangi. Baadhi ya mapipa waliyajaza maji matupu ili wasigundulike. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini hawa hata kusifiwa hawakungoja.

MzeeWaBanda, 28 Machi

Dada yangu MamaFuraha ameeleza vizuri. Naongeza swali la kung'oa, maana halikujibiwa. Mimi husikiliza vyura. Kwenye kinamasi kilicho chini ya banda langu vyura wadogo wakianza kuimba usiku, nachemsha mara moja au mbili zaidi, basi.

MamaFuraha, 28 Machi

Mzee, kwa heshima zote, vyura hawako mahali pote, na kwenye kilima cha mita 500 miti inachelewa kuliko kinamasi cha bondeni. Kaka, tazama machipukizi ya matawi ya juu dhidi ya anga. Yakianza kuvimba na kupasuka magamba, kemia ya maji inabadilika, na shira hupata ladha mbaya ambayo kuchuja hakuiondoi. Huna haja ya kusubiri mpaka uiweke kwenye chupa, kwa sababu mvuke husema mapema. Ukiingia bandani na badala ya harufu ya karameli ukapata harufu kama ya kabichi iliyochemshwa jana, zima moto. Rangi nyeusi peke yake si dalili. Ikiwa miti yako mingine ni mepo wekundu, hiyo huchipua mapema, nayo uanze kuing'oa kwanza.

BiMkasi (Maine), 29 Machi

Nawashukuru nyote. Sipiki shira, mimi ni mnunuzi, na naomba kuuliza jambo ambalo limenisumbua tangu nilipoambiwa na jirani kwamba zamani watu walining'iniza kipande cha mafuta ya nguruwe juu ya sinia. Ni kweli? Nimekuwa nikiwapa watoto shira hii miaka mitatu.

MzeeWaBanda, 29 Machi

Bi Mkasi, shikamoo kama unanizidi. Ni kweli kwamba ilikuwa desturi. Maji ya mepo yakichemka kwa nguvu hutoa povu linaloweza kufurika jiko lote, na tone la mafuta hulituliza papo hapo. Zamani kipande kilining'inizwa kwa uzi kwenye kimo ambacho povu likipanda linakigusa na kushuka lenyewe. Siku hizi wengi hutumia matone ya mafuta ya mimea, kama alizeti, au dawa ya dukani ya kutuliza povu. Mimi natumia siagi, kiasi cha kichwa cha kiberiti. Mtengenezaji akiulizwa kwa adabu atakuambia anatumia nini. Muulize kabla ya kununua, na mwenye mtoto anayedhurika na maziwa aulize vilevile kuhusu siagi.

MjukuuWaMgema, 6 Aprili

Shikamoo Mzee, na asante sana dada.

Nimefanya kama mlivyosema. Jumamosi iliyopita maji ya kisima yalichemka kwa 98.2, Jumatatu, theluji ikianguka, yalichemka kwa 97.6, kwa hiyo nimeanza ukuta wangu wa chaki. Chupa 22 nilizimimina pamoja, nikaongeza lita 10 za maji ya mepo, nikachemsha polepole huku nimeshika haidromita mpya kama mtu anayeshika yai. Zimetoka chupa 25, nyeupe kabisa kwa maana ya uangavu. Nikiweka gazeti nyuma ya chupa nalisoma. Sukari iliyobaki kitakoni watoto waliimaliza kabla sijaileta kwenye sinia.

Pazia la kwenye upawa nimeliona kwa macho yangu. Lilichukua muda kutokea, nikawa nachota na kuinamisha, nachota na kuinamisha, mpaka mke wangu akaniuliza kama ninasali. Mara matone yakashikana.

Jana mvuke ulibadilika. Sikuhitaji kutazama machipukizi. Nilifungua mlango wa banda nikajikuta jikoni kwa mama mkwe siku ya kabichi. Maji yaliyobaki, kama lita 120, nimeyamwaga kwenye theluji, na galoni mbili za mzee zimefungwa tayari kwa posta. Leo nang'oa mirija. Nimebakiwa na swali moja tu, la yale mashimo 30 niliyoyachimba zaidi. Nina vijiti vya mti mkavu na nta ya nyuki; niyazibe ili maji yasiingie na kuozesha?

MamaFuraha, 6 Aprili

Usiyazibe, kaka. Si kwa kijiti, si kwa nta, si kwa chochote. Kizibo hushikilia unyevu ndani na kuuzuia mti kujifunga. Ng'oa mrija polepole kwa kuuzungusha ili gome lisipasuke, uache tundu wazi, kisha upite tena mwezi wa tisa. Mengi utayakuta yameanza kufunikwa na gome jipya, na yale yaliyochelewa yawekee alama kwa rangi ili mwakani keekee isiyakaribie.